Nambari ya Tatu kwenye Mashine ya Presha

Mashine ya kupima presha imekuwa chombo cha kawaida katika nyumba nyingi za Nakuru, hasa nyumba za wazazi waliovuka miaka sitini. Ukipita karibu na steji ya matatu mjini utamkuta kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki, mezani mbele yake pana mashine hiyo pamoja na mizani, akiwapima wapita njia kwa shilingi chache. Kwenye kemisti pia hupimwa. Serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, mashine ya presha ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyotiwa katika mikoba yao, kwa hivyo hata mzee wa kijijini ambaye hafiki mjini anaweza kupimwa akiwa kwake. Jambo linalonishangaza ni kwamba mashine hizo hutoa nambari tatu, ilhali karibu kila mtu husoma mbili tu.

Mama yangu anaishi Njoro, nami ninafundisha Kisumu. Jumapili jioni hunipigia simu na kunisomea vipimo vyake: "Mia moja thelathini na nane kwa themanini na nne, mwanangu." Hapo hunyamaza, akihesabu kwamba amemaliza. Nilipomwuliza kuhusu ile nambari ya chini kabisa, iliyo kando ya picha ndogo ya moyo, alinijibu kwamba hiyo si ya presha na kwamba hata sista wa kliniki huwa haiandiki kwenye kitabu chake. Kwamba si ya presha, hapo alisema kweli. Ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika moja, na kwa maoni yangu hakuna kipimo kingine cha mwili ambacho mtu wa kawaida anaweza kujipimia kwa gharama ndogo kama hicho na bado kikamweleza mengi, mradi awe na subira ya kukifuatilia.

Ni vizuri kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Presha ni nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa. Mapigo ni idadi ya mara ambazo moyo hujikunja na kusukuma damu hiyo. Mtu akishtuka na moyo ukamwenda mbio, husema presha imempanda, na pengine kweli imepanda kidogo, lakini vitu hivi viwili havifuatani daima. Anayepanda mlima anaweza kufikisha mapigo maradufu ya yale ya kupumzika huku presha yake ikipanda kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa mishipa inayolisha misuli yake hupanuka ili damu nyingi ipite. Aliyevuja damu nyingi, kwa upande wake, mapigo yake huenda mbio wakati presha inashuka, kwa sababu moyo unajaribu kufidia kwa wingi wa mapigo kile kilichopungua kwenye mishipa. Na wapo watu wengi wenye presha ya juu ya hatari ambao mapigo yao ni 68, ya kupendeza kabisa, na ambao hawahisi chochote.

Mashine yenyewe, tena, haiusikilizi moyo. Kile kitambaa kinachofungwa mkononi hujazwa hewa mpaka kikaubana mshipa, kisha hewa hutolewa polepole, na kila damu inapopita hewa iliyobaki hutikisika kidogo. Mashine huihisi mitikisiko hiyo na kuihesabu. Mkono ukichezacheza, au mtu akiongea wakati wa kupimwa, mashine huweza kuhesabu visivyo. Ndiyo maana nikamfundisha mama kutumia vidole vyake kwanza, na mashine baadaye.

Njia yenyewe ni rahisi, ingawa inahitaji mazoezi kidogo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu miwili ikiwa imekanyaga chini, utulie dakika tano bila kuongea na bila kutazama simu. Geuza mkono ili kiganja kitazame juu. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, katika kijibonde kilicho kati ya mfupa na mishipa migumu inayokaza ukikunja kiganja. Bonyeza taratibu: ukibonyeza sana unauziba mshipa na mpigo unapotea, ukibonyeza kidogo mno huuhisi. Usihesabu kwa kutumia kidole gumba, kwa kuwa kina mpigo wake wenyewe, na unaweza kujikuta unahesabu mapigo yako ukidhani ni ya mgonjwa. Mpigo ukishapatikana, tazama mshale wa sekunde, uhesabu kwa sekunde 30, kisha uzidishe mara mbili. Wapo wanaohesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Njia hiyo inafaa mtu anapokuwa mazoezini, ila kosa la pigo moja huwa kosa la mapigo manne. Na kama mapigo hayalingani, yaani mengine yanakuja karibu karibu na mengine yanachelewa, hesabu dakika nzima.

Shingoni pia mpigo hupatikana, kando ya koromeo, na ni wenye nguvu zaidi. Huko unatakiwa kubonyeza upande mmoja tu na kwa wepesi, kwa sababu pana sehemu ya mshipa ambayo ikikandamizwa huuambia moyo upunguze kasi, na mtu mzima wa umri anaweza kuzirai. Kwa wazazi wetu, mkono unatosha.

Sista wa hospitalini ambaye saa yake imening'inizwa kifuani, uso wake ukiwa umepinduliwa ili yeye mwenyewe aisome, amerithi kazi yenye historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 17, daktari Mwitaliano aliyeitwa Santorio alitumia kamba yenye kizito kinachobembea: aliirefusha au kuifupisha mpaka kubembea kwake kukaoana na mapigo ya mgonjwa, kisha akasoma urefu wa kamba. Hakupata idadi ya mapigo kwa dakika, kwa kuwa hakuwa na saa ya kumsaidia. Alichopata ni alama ya mgonjwa huyo leo, ambayo angeweza kuilinganisha na alama ya mgonjwa huyo huyo kesho. Takribani miaka mia moja ikapita kabla ya daktari Mwingereza, John Floyer, kuchapisha mwaka 1707 maelezo ya saa aliyoagiza itengenezwe ili iende kwa dakika moja barabara, na hivyo mapigo yakaweza kuhesabiwa kwa dakika. Mimi hufikiri kwamba Floyer alitupatia nambari, lakini Santorio ndiye aliyeielewa matumizi yake, kwa sababu ulinganisho ulio na maana kubwa kuliko wote ni wa mtu na nafsi yake.

Vitabu vinasema kwamba mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Si uongo, lakini ni uwanja mpana mno. Mtu ambaye kila siku huwa na 62, akianza kuamka na 88 wiki nzima, bado yumo ndani ya kipimo cha kawaida, na mashine haitamlalamikia; hata hivyo mwilini mwake kuna jambo. Kinyume chake, wakimbiaji wa masafa marefu wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat huweza kuamka na mapigo 40 na ushei, na hakuna ugonjwa wowote. Hesabu yake ni nyepesi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa takribani lita 5 za damu kwa dakika. Mwenye mapigo 70 hutoa kama mililita 70 kwa kila pigo. Mkimbiaji ambaye moyo wake umepanuka na kupata nguvu kwa miaka ya mazoezi hutoa mililita 110 kwa pigo, na kwa hivyo mapigo 45 yanamtosha kufikisha kiasi kile kile. Kwake moyo ni kama injini kubwa ya lori inayonguruma polepole pale pale ambapo pikipiki ingelazimika kupiga kelele.

Ndani ya moyo wenyewe, upande wa juu kulia, kuna kikundi kidogo cha seli kinachozalisha umeme unaoanzisha kila pigo. Kikiachwa peke yake hupiga takribani mara 100 kwa dakika. Kinachotufanya tuwe na 65 au 70 tunapopumzika ni neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kuushikia moyo breki saa zote. Ushahidi mzuri ni wagonjwa waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine: neva hukatwa wakati wa upasuaji, na moyo mpya mara nyingi hupiga kati ya 90 na 110 hata mwenyewe akiwa amelala kitandani. Tunaposimama ghafla, tunapoogopa, au tunapoanza kukimbia, breki huachiliwa kwanza, kisha adrenalini ikaongeza kasi. Unaweza kuihisi breki hiyo ikifanya kazi kwa vidole vyako. Shika mpigo, vuta pumzi ndefu taratibu, kisha uitoe taratibu. Vijana hasa watahisi mapigo yakikaribiana wakati wa kuvuta na kuachana wakati wa kutoa. Hiyo si hitilafu. Ni dalili kwamba neva iko hai, na huwa naionyesha darasani kwa sababu wanafunzi hawaisahau.

Kwa hivyo kabla ya mtu kuuliza kama mapigo yake ni mazuri, ajue kwanza mapigo yake ni mangapi. Wakati unaofaa zaidi ni asubuhi, ukishaamka lakini hujaondoka kitandani, hujanywa chai na hujasoma ujumbe wa mtu yeyote. Ukifanya hivyo kwa majuma machache utaona nambari zikizunguka mahali pamoja. Yangu huzunguka kati ya 62 na 66. Nikipata 70 sijali; huenda nililala vibaya. Nikipata zaidi ya 75 asubuhi mfululizo, naanza kujiuliza maswali.

Maswali hayo, katika sehemu hizi za nchi, yana majibu yake ya kawaida. La kwanza ni homa. Kila nyuzi moja ya joto la mwili inayoongezeka huleta takribani mapigo 8 hadi 10 zaidi, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Kisumu na Siaya hadi Homa Bay na Busia, tuko katika eneo ambalo malaria haiondoki mwaka mzima. Mapigo ya asubuhi yanaweza kupanda mtu akiwa bado anajiambia kwamba ni uchovu tu. Mapigo hayakwambii kwamba una malaria, kwa kuwa hayana namna ya kujua. Yanakwambia uende ukapimwe damu. Kuna hata maradhi yanayoivunja kanuni hiyo, kama homa ya matumbo, ambapo mara nyingine joto huwa juu sana na mapigo hayapandi kwa kiasi kinachotarajiwa, nao madaktari wa zamani walilitumia jambo hilo kama dokezo.

Jibu la pili, ambalo naona linasahauliwa zaidi, ni upungufu wa damu. Damu ikiwa na chembe nyekundu chache, kila pigo hubeba oksijeni kidogo, na moyo hauna njia nyingine ila kuongeza mapigo. Malaria ya mara kwa mara, minyoo, hedhi nzito, seli mundu, vyote vinapatikana kwetu kwa wingi, na mwanamke anayeambiwa kila mara kwamba moyo unamwenda mbio kwa sababu ya mawazo huenda anachohitaji ni kupimwa kiwango cha damu. Wajawazito wana sababu yao nyingine: moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi, na ifikapo miezi mitatu ya mwisho mapigo ya mama huwa yameongezeka kwa 10 hadi 20. Mtoto aliye tumboni hupiga kati ya 110 na 160, na mkunga mwenye ile pembe ya Pinard, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1895 na ambayo bado inatumika, huwekea sikio na kuhesabu bila umeme wala betri.

Kuna na hali ya hewa. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na joto lake la mchana linajulikana. Ukitembea kutoka soko la Kibuye saa nane mchana, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, nao moyo hulazimika kupiga zaidi kwa mwendo ule ule ambao ungeutembea Nakuru bila kuhema. Usipokunywa maji, ujazo wa damu hupungua na mapigo huzidi kupanda. Nakuru iko juu zaidi, takribani mita 1,850. Baridi yake ya asubuhi inausaidia moyo, lakini hewa yake ni nyepesi kidogo, na mgeni aliyetoka Mombasa huenda akaona mapigo yake yako juu kwa siku za kwanza. Huko Iten, kwenye mita 2,400 hivi, tofauti huonekana wazi. Mimi ninaposafiri kwenda Njoro likizoni sioni badiliko kubwa nikiwa nimekaa. Naliona ninapopanda kilima.

Chai kali, kahawa, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu vinajulikana. Miraa na muguka havitajwi vya kutosha. Majani hayo yana kemikali inayofanana kwa utendaji na dawa za kuchangamsha, hupandisha mapigo na presha kwa pamoja, na dereva wa bodaboda anayetafuna tangu jioni kisha akapimwa kando ya barabara anapata nambari ya muguka, wala si nambari yake. Kijana anayepima hapaswi kumwandikia chochote kabla ya kumwuliza.

Kuhusu mazoezi, watu wengi wanaijua kanuni ya 220 kutoa umri. Mwenye miaka 47, kama mimi, anaambiwa kwamba moyo wake hauwezi kupita mapigo 173. Kanuni hiyo ilienea tangu miaka ya 1970 na imebandikwa katika kumbi nyingi za mazoezi kana kwamba ni sheria. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Kwa miaka 20, ya zamani hutoa 200 na mpya 194. Kwa mama yangu mwenye miaka 72, ya zamani inamwambia 148, mpya inamwambia 158. Tofauti ya mapigo 10 kwa mzee si ndogo, na hata kanuni iliyo bora ni wastani wa watu wengi, kwa hivyo mtu mmoja mmoja huweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi bila kasoro yoyote.

Mazoezi ya wastani huhesabiwa kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya kilele hicho, na mazoezi makali kati ya asilimia 70 na 85. Kwangu, kwa kanuni ya zamani, hiyo ni takribani 87 hadi 121, kisha 121 hadi 147. Nikitembea kwa haraka kutoka mjini Nakuru kuelekea ukingo wa kreta ya Menengai, ambao uko kwenye mita 2,278, napita 130 kabla sijafika nusu. Hata hivyo, kipimo ninachokiamini zaidi njiani ni kuongea. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeingia kwenye ukali. Kipimo hicho hakihitaji kujua umri wa mtu, na wala hakidanganywi na dawa.

Baada ya kusimama, subiri dakika moja na uhesabu tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la New England Journal of Medicine ulifuatilia watu waliopimwa moyo wakiwa kwenye mashine ya mazoezi, na ukaona kwamba wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Breki ile ya vagasi ndiyo inayopimwa hapo. Mtu asijitishe kwa hesabu ya siku moja, lakini ni jambo la kutia moyo kuona, mazoezi yakiendelea, kushuka huko kukiwa kwa haraka zaidi kuliko miezi iliyopita.

Saa za mkononi zinazopima mapigo siku hizi zinauzwa hata barabarani. Nyuma yake kuna taa ndogo ya kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila pigo linapoleta damu zaidi chini ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu kupungua huko. Ukiwa umetulia, saa nzuri iliyokazwa vizuri hukaribia sana hesabu ya vidole. Ukikimbia, saa inayolegea huweza kuhesabu hatua zako badala ya moyo wako. Rangi ya melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani, na hivyo ngozi nyeusi huipa saa kazi ngumu zaidi. Watengenezaji wengine wamelishughulikia jambo hilo kwa kuongeza nguvu ya taa, wengine wanatuuzia tu. Saa moja ya bei rahisi niliwahi kuivisha ndizi, ikanipa mapigo ambayo mtu mzima angejivunia. Anayehitaji usahihi mazoezini afadhali atumie mkanda wa kifuani, unaopokea umeme wa moyo wenyewe. Wengine tuna vidole.

Dawa ni suala ambalo lingestahili ukurasa wake. Mama alikuwa akitumia atenolol kwa ajili ya presha, dawa ambayo kwa kawaida hupunguza mapigo, na kwa muda mrefu nambari yake ya tatu ilikuwa kwenye sitini na kitu. Kipimo cha dawa kilipoongezwa, presha ilishuka vizuri na kila mtu akafurahi. Lakini nilipomwomba anisomee nambari zote, mapigo yalikuwa 50, 49, 51. Nikamwuliza kama anajisikia vyema. Akasema kwamba anaona kizunguzungu akiamka usiku kwenda chooni, ila hakutaka kunisumbua. Mapigo 50 kwa mkimbiaji si habari. Kwa mama wa miaka 72 anayeona kizunguzungu ni habari. Tulirudi kliniki tukiwa na karatasi ya nambari, daktari akapunguza dawa na kuongeza nyingine ya aina tofauti, na mapigo yakarudi kwenye sitini. Ninasisitiza kwamba tulirudi kliniki. Dawa za kundi hilo zikiachwa ghafla, moyo huweza kurukwa na kasi ya hatari, na presha ikapanda kuliko mwanzo.

Hadi hapa nimeongea juu ya idadi, lakini vidole vinagundua pia kitu ambacho nambari peke yake huficha, nacho ni mpangilio. Pigo moja linaloruka mara moja moja huwapata watu wengi wenye afya, hasa baada ya kahawa au usiku wa kukesha. Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, ambayo huwezi kukisia lini lijalo litakuja, ni jambo jingine. Mara nyingi huwa ni hitilafu ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikunja. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likielekea ubongoni huleta kiharusi, ambacho hatari yake kwa watu hawa ni takribani mara tano ya ile ya watu wasio na hitilafu hiyo. Kwa wazee, chanzo chake cha kawaida ni presha ya miaka mingi. Kwa vijana wa huku kwetu, kuna moyo ulioharibiwa utotoni na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Katika hali hiyo mashine ya presha huchanganyikiwa, na hata hesabu ya mkononi hupungua, kwa sababu mapigo mengine ni dhaifu mno kufika kwenye kifundo. Ndiyo maana daktari huweka stethoskopu kifuani wakati sista anahesabu mkononi, wakalinganisha.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuzirai, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya kukimbizwa hospitalini mara moja, mapigo yawe mangapi. Mapigo yanayokaa juu ya 100 mtu akiwa amepumzika, siku baada ya siku, bila homa wala sababu inayoonekana, yanahitaji daktari hata kama hakuna maumivu. Vivyo hivyo yaliyo chini ya 50 kwa asiye mwanamichezo, hasa yakiambatana na kizunguzungu. Nenda na maandishi: tarehe, saa, idadi, kama ulikuwa umelala au umekaa, kama mpangilio ulikuwa sawa, na dawa ulizomeza. Kipimo cha umeme wa moyo cha kawaida hurekodi sekunde 10 tu, na hitilafu inayokuja na kuondoka huweza kuwa haipo wakati huo. Ni maandishi hayo yanayomsaidia daktari kuamua kama akufungie kifaa cha kurekodi utakachokivaa kwa saa 24 au zaidi.